Daftari la Mpiga Gitaa



Katika vikao vya robo mwaka iliyopita kamati kadhaa za sharika zilituuliza swali moja: kwa nini kwenye makisio ya mafunzo ya gitaa kuna kifungu cha madaftari na kalamu? Nyuzi zinaeleweka. Nauli ya mwalimu kutoka Karatu mjini kushuka Mang'ola, au kupanda hadi Endulen, nayo inaeleweka. Lakini daftari ni la shule, na gitaa hupigwa kwa vidole na kusikilizwa kwa masikio. Kalamu inaingilia wapi? Mjumbe mmoja aliuliza kwa utani kama tunafundisha wapiga gitaa au makarani. Swali ni la haki. Fedha ya kifungu hicho ni ndogo, lakini ni sadaka ya watu, na wafadhili wetu huletewa makisio yale yale. Tumeona tulijibu hapa kwa kirefu kuliko inavyowezekana kwenye kikao chenye ajenda kumi na mbili.

Gitaa juu ya kabati

Yeyote anayezitembelea sharika zetu, kuanzia Mbulumbulu na Rhotia hadi Endabash, na kule juu hadi Nainokanoka, amewahi kuliona: gitaa limelazwa juu ya kabati la ofisi, nyuzi nne badala ya sita, vumbi shingoni. Ukiuliza utaambiwa limeharibika. Mara nyingi halijaharibika. Aliyekosekana ni mpigaji. Kijana aliyekuwa akilipiga amekwenda Arusha kutafuta maisha, au amepata kazi kwenye lodji za ukingoni mwa kreta, au ameolewa kijiji kingine. Tangu Juni 2022 zipo pia familia zilizohama kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Uhamaji huo una mjadala wake mrefu ambao si wa ukurasa huu. Kwa upande wa muziki tunachoweza kusema ni kwamba familia inapohama, kwaya iliyobaki inaweza kuamka ikiwa na gitaa bila mtu, na huko walikokwenda yupo mtu bila gitaa.

Kwaya hiyo hurudi kwenye ngoma, ambayo ni njema, au kwenye kinanda chenye midundo ya kubofya, ambacho maoni yetu juu yake tutayaweka akiba.

Gitaa linaweza kununuliwa tena. Kisichonunuliwa ni yale aliyoyajua aliyeondoka: wimbo upi mwanzishaji wa kwaya huuanzia juu mno kuliko kitabu kinavyotaka, wapi sauti ya nne huchelewa na inabidi kuisubiri, uzi upi wa gitaa lile hulegea kila baada ya nyimbo tatu. Mambo hayo yalikaa kichwani mwake, na kichwa kikipanda basi la asubuhi yanapanda nacho. Anayemfuata huanza upya kana kwamba usharika haujawahi kuwa na mpiga gitaa.

Hasara ya pili ni ya kimya zaidi, nayo ni ya wanaoacha. Mwalimu wetu anasema wanafunzi wengi huacha kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu. Wiki za kwanza kuna hamu. Kisha ncha za vidole zinauma. Kijana aliyezoea jembe au kung'oa vitunguu ana sugu kiganjani, lakini ncha za vidole vyake ni laini kama za mtu mwingine yeyote, na uzi wa chuma hauheshimu jembe. Maumivu hayo hupungua ngozi inapokomaa, na hilo huja ndani ya majuma machache kwa anayepiga kila siku. Kinachowaondoa wengi si maumivu yenyewe. Ni kuona kwamba wanaumia na bado hawasogei.

Hapo ndipo akina mama wa kamati zetu wanaweza kuielewa hoja ya daftari haraka kuliko sisi. Mama anayelala na mtoto wake kila siku hawezi kumwona akikua. Mgeni akija baada ya miezi minne hushangaa, mama hushangaa kwamba mgeni anashangaa. Ndiyo maana kliniki inatoa kadi. Kila mwezi mtoto anapimwa, nukta inawekwa, mstari unachorwa, na mama anauona ukuaji ambao macho yake hayakuweza kuuona. Mstari ukilala, naye anajua mapema kwamba kuna jambo la kushughulikia. Daftari la mpiga gitaa ni kadi ya kliniki ya vidole.

Aliyefunga safari na kalamu

Jambo hili si uvumbuzi wa ofisi yetu. Wapo walioandika maendeleo yao ya gitaa na maandishi yao yakasaidia watu wengi kuliko wao wenyewe, na mfano tunaoupenda zaidi umetoka kwa majirani zetu wa Kongo, tena kwenye muziki ulioimbwa kwa Kiswahili.

Wazee wetu wanamkumbuka Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyezaliwa mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodia, alimrekodi Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Sahani zake zilienea Afrika Mashariki, na Bosco mwenyewe alifika kupiga Nairobi. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada: gumba likitembea kwenye nyuzi nene, shahada ikiimba kwenye nyembamba. Asiyejua huapa kwamba anasikia magitaa mawili.

Mwingereza mmoja, John Low, aliupenda mtindo huo. Kusikiliza sahani kulimfikisha mahali fulani, lakini sahani haionyeshi kidole kipi kiko wapi. Basi akafunga safari kwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akawatafuta wapigaji wenyewe: Bosco, Edouard Masengo na Losta Abelo. Aliyoyaona na kufundishwa huko aliyaandika kwa namna ya shajara, na mwaka 1982 ikachapishwa Vienna, Austria, kwa jina la Shaba Diary, yaani shajara ya Shaba.

Miaka minane baadaye, mwaka 1990, Bosco alifariki katika ajali ya gari huko Zambia. Anayetaka leo kujua wazee wale walivyoweka vidole anaweza kusoma maandishi ya mtu aliyekaa mbele yao akiwa mwanafunzi. Tunasisitiza neno mwanafunzi. Mwanafunzi huandika kile ambacho bingwa hakioni tena, kwa sababu bingwa amekwisha kusahau kwamba kiliwahi kuwa kigumu.

Wapo watakaosema kwamba mabingwa wa dansi wa nchi hii hawakuhitaji daftari. Hatubishani nao. Lakini kijana aliyeingia kwenye bendi kama Morogoro Jazz, au NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, alikaa kando ya mpigaji mkubwa, mazoezi mchana na dansi usiku. Alichosahau jana alikumbushwa leo. Bendi ndiyo ilikuwa daftari lake. Kijana wa Kansay au Kakesio ana mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni na mwalimu anayefika mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Kati ya ziara moja na nyingine hana wa kumkumbusha ila yeye mwenyewe.

Nini kinaandikwa

Daftari tunalolisema ni lile la kawaida la kurasa arobaini na nane linalouzwa kila duka. Halihitaji mistari mitano ya muziki. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye jalada, kwa sababu kalamu huazimwa na hairudi.

Hapa chini ni maandishi ya mwanafunzi mmoja katika mwezi wake wa pili. Tumeyaweka kwa ruhusa yake, bila jina.

Jumanne. Dakika 20, baada ya kukamua. G kwenda C mara 11 kwa dakika. Uzi wa kwanza hausikiki kwenye C, kidole cha shahada kimelala juu yake. Kesho: C peke yake, uzi mmoja mmoja.

Jumatano. Sikupiga. Gitaa liko kwa mwenzangu.

Ijumaa. Dakika 15. C imefunguka nikisimamisha kidole. G kwenda C mara 14. Maumivu yamepungua.

Jumapili. Nilipiga ubeti wa kwanza kanisani. D ilinipotea. Mwalimu wa kwaya hakujua. Mimi najua.

Kwa wajumbe ambao si wapigaji tueleze kidogo. G, C na D ni kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazobanwa kwa vidole na kupigwa pamoja zikatoa sauti moja yenye kukaa vizuri. (Kodi hizi hazikusanywi na TRA.) Anayezijua solfa kwenye kwaya tayari anajua nusu ya jambo: ukiifanya G kuwa do, basi C ni fa na D ni so, na kwa kodi hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za Mwimbieni Bwana. Ugumu haupo kwenye kodi moja moja. Upo kwenye kuhama: vidole vitatu viondoke pamoja, vitue pamoja mahali papya, na wimbo usisubiri.

Ndiyo maana mwanafunzi huyu anahesabu. Anaweka saa ya simu dakika moja, anahama G kwenda C na kurudi, anahesabu mara ngapi kodi imetua ikiwa safi. Wimbo wa taratibu wenye mapigo 60 kwa dakika, ukibadilisha kodi kila mapigo mawili, unadai mabadiliko 30 kwa dakika. Kwa hiyo anayeandika 11 anajua yuko wapi na anakwenda wapi. Akifika 14 Ijumaa, hajawa mpiga gitaa, lakini amesogea mara tatu kwa siku tatu, na jambo hilo limo kwenye karatasi hata kama masikio yake bado yanasikia kelele tupu.

Angalieni pia alivyoandika "kesho". Neno hilo tunalithamini kuliko tarakimu. Mwanafunzi asiye na daftari huketi, huchukua gitaa na kupiga kile anachokiweza tayari, kwa sababu kinampendeza. Dakika ishirini zinapita, amefurahi, na C yake bado imezibwa. Aliyeandika "kesho: C peke yake" anaanzia pale palipouma. Tatizo limepewa jina: kidole kimelala. Tatizo lenye jina lina dawa, nalo ni kusimamisha kidole. Tatizo lisilo na jina huitwa "mimi sina kipaji", na ugonjwa huo umeua wapiga gitaa wengi kuliko upungufu wa nyuzi.

Na ile Jumatano ya "sikupiga" isifutwe. Tumewasihi vijana wasiandike uongo ili ukurasa upendeze. Siku za kuvuna, siku za msiba, siku za gitaa kuwa kwa mwingine, zote ziandikwe kama zilivyo. Kijana anayepeleka ng'ombe malishoni upande wa Olbalbal anaweza kukaa wiki mbili bila kugusa uzi. Akirudi, daftari linamwambia alipoachia, na hapotezi siku nne kutafuta mahali hapo.

Muda wenyewe usiwe mrefu. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Miongoni mwa mambo waliyowaomba ilikuwa kuandika shajara ya siku saba: walifanya nini, saa ngapi, kwa muda gani. Ilionekana kwamba waliokuwa bora walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa nyingi zaidi kwa miaka, na kwamba waliyagawa mazoezi ya siku kwa vipindi vyenye mapumziko kati yake. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu uzito wa hesabu ya saa hizo. Suala la vipindi na mapumziko linatutosha sisi, kwani linakubaliana na maisha ya hapa: dakika kumi na tano kabla ya kuchota maji na kumi na tano jioni zinamfaa anayeanza kuliko saa mbili za Jumamosi, ambazo humaliza vidole.

Simu haitoshi?

Swali hili limetoka kwa vijana wenyewe. Siku hizi kijana hujirekodi kwa simu kwa sekunde chache, ya nini kuandika? Tunawaambia wajirekodi, ndiyo. Mara moja kwa mwezi, wimbo ule ule, na tarehe iandikwe daftarini. Ukisikiliza rekodi ya Machi ukiwa Agosti utacheka, na kicheko hicho ni dawa. Lakini rekodi inakuambia ulivyosikika, haikuambii ulikuwa unajaribu kufanya nini, kidole gani kilikukwamisha, wala nini ulichokusudia kesho yake. Tena simu hujaa na kufutwa, huibwa, huuzwa wakati wa ada, na maeneo mengine ya hifadhi kuichaji ni safari. Daftari linadai kalamu na mwanga.

Lugha ya kuandikia, na nyimbo zetu wenyewe

Tulipoanza, wanafunzi wengi waliandika Kiswahili cha barua ya ofisini: "Leo nimefanya mazoezi vizuri na nimepata maendeleo." Sentensi hiyo haina kosa lolote, na haina habari yoyote. Mwalimu akawaambia waandike kwa lugha wanayonung'unikia gitaa linapowashinda. Sasa kuna kurasa za Kiiraqw, kurasa za Kimaasai, na michoro mingi: mistari sita kwa nyuzi, nukta kwa vidole. Mwalimu haelewi kila ukurasa. Hahitaji.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa nyimbo zenye asili ya hapa. Uimbaji wa Kimaasai umesimama juu ya sauti za watu: kiongozi wa wimbo, olaranyani, hutangulia, na wengine hujibu kwa midundo ya koo. Hakuna ala ya nyuzi iliyokuwa ikisubiriwa pale. Kijana wa Endulen anayeleta gitaa kwenye wimbo wa namna hiyo hana kitabu cha kumwongoza, maana vitabu vya gitaa viliandikwa kwa nyimbo nyingine. Mmoja aliandika ukurasa mzima akijaribu kodi tatu, akaishia na kodi moja, na chini yake: "Kiongozi akiimba peke yake nisipige." Kwa maoni yetu huo ni ugunduzi. Usipoandikwa, anayemfuata ataufunika uongozi wa wimbo kwa gitaa, na wazee watasema gitaa halifai kanisani, nao watakuwa na sababu.

Kanisa letu lina historia katika jambo hili. Marehemu Dkt. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyefundisha Makumira, alikusanya tuni za makabila mbalimbali na kuziandikia maneno ya Kiswahili, ndipo tukapata Tumshangilieni Mungu. Tuni zile zilikuwa zikiimbwa kabla hajafika. Zilisafiri kutoka kijiji kimoja hadi nchi nzima, na hata nje ya nchi, kwa kuwa kuna aliyezitia kwenye karatasi.

Gitaa nalo liwe na daftari lake

Mahali ambapo gitaa moja lina wanafunzi watano au sita, na ndivyo ilivyo karibu kila mahali, madaftari ya wanafunzi hayatoshi. Gitaa lenyewe liwe na daftari la makabidhiano, likae kwenye mfuko wake. Humo kila anayelichukua anaandika tarehe, jina lake na hali alivyolikuta. Anayelirudisha vivyo hivyo. Uzi upi umekatika, lini nyuzi zimebadilishwa, mgongo umepasuka wapi.

Magitaa yetu mengi ni gitaa kavu, lisilotumia umeme. Wazee waliliita galatoni, kutokana na magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini. (Gitaa la Gallotone ndilo alilokuwa nalo John Lennon wa Uingereza Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, na sherehe waliyokutania ilikuwa ya kanisa. Wajumbe wenye shaka na vijana wao wazingatie hilo, kwa upande watakaoupenda.) Mbao za gitaa hulegea na kukaza kufuatana na joto na unyevu. Gitaa linaloshushwa kutoka ubaridi wa ukingo wa kreta hadi joto la Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, litahitaji kutyuniwa upya, na likisahauliwa chini ya bati la moto shingo yake hupinda. Nyuzi za chuma huliwa na jasho na vumbi. Kitambaa kikavu baada ya kupiga huziongezea maisha. Mambo haya yakiandikwa, kamati inajua nyuzi zinadumu muda gani katika usharika wao, na makisio ya mwaka unaofuata hayatakuwa ya kubahatisha.

Daftari ni la nani

Hapa tunaomba tuwe wazi, hasa kwa wafadhili wetu ambao tunawashukuru kwa dhati. Baada ya kusikia habari za madaftari, baadhi yao, na baadhi ya kamati pia, wameomba yakusanywe, yanakiliwe na kuambatanishwa na taarifa ya mradi. Tunaelewa nia. Taarifa zetu zimejaa idadi ya walioanza na idadi ya vyombo, na ukurasa wa kijana ungezipa uhai.

Hatukubali, na tunaomba mtuvumilie. Siku kijana atakapojua kwamba daftari linasomwa na mwenyekiti, au linatumwa ng'ambo, hataandika tena "D ilinipotea. Mimi najua." Ataandika "nimepata maendeleo". Atafuta Jumatano. Tutabaki na karatasi safi, na tutakuwa tumeondoa kitu kile kile kilichokuwa kikimfundisha. Taarifa ya mradi ina msomaji wake. Daftari lina msomaji mmoja, na pengine mwalimu akialikwa. Tulilochapisha hapo juu lilitolewa na mwenyewe, akachagua kurasa zenyewe.

Lipo daftari ambalo kamati ina haki ya kulisoma, nalo ni la gitaa, kwa kuwa gitaa ni mali ya usharika. Na lipo jambo ambalo mfadhili ana haki ya kulisikia, nalo ni kama kuna mtu anayepiga Jumapili. Kwa maswali hayo mawili kamati haihitaji kufungua begi la mtu.

Kijana anapohama huchukua daftari lake. Tunachomwomba kabla ya kuondoka ni jioni moja: akae na anayempokea, wapitie nyimbo ambazo kwaya inaziimba zaidi, na anayepokea aandike katika daftari lake mwenyewe ufunguo wa kila wimbo, kodi zake, na mahali pa hatari. Imefanyika mara chache hadi sasa. Ilipofanyika, gitaa halikukaa kimya hata Jumapili moja.

Sharika zinazotaka kuanza zichague kwanza mtu mmoja wa kutunza gitaa na daftari lake. Si lazima awe mpigaji, na wenzetu wa vikundi vya akina mama wameifanya kazi hiyo vizuri. Mwalimu atafika kwa mzunguko wa kawaida. Maombi ya nyuzi kwa robo ijayo yapitie kwa mchungaji wa usharika na yaambatane na nakala ya ukurasa wa mwisho wa daftari la gitaa. Madaftari ya vijana yabaki kwa vijana.